Namba ni 02C, Lakini Mlango Haufanani: Jinsi Rangi ya Gari Inavyooanishwa

Bluu ya Subaru Impreza haihitaji kutambulishwa kwa mtu aliyekua akifuatilia Safari Rally. Colin McRae alishinda mbio hizo mwaka 1997 akiwa ndani ya Impreza ya bluu, na Richard Burns akashinda tena kwa Impreza mwaka 2000. Leo WRX STI zilizotumika, yaani Impreza za toleo la kasi, zinashushwa melini Mombasa na Dar es Salaam zikitoka Japani, na mnunuzi mwenye mapenzi ya kweli na gari hilo mara nyingi anaitaka bluu ileile. Anaipata, anaitunza, kisha siku moja bodaboda inapita karibu mno na mpini wake unaacha mchubuko mrefu kwenye mlango wa mbele, hadi bati linaonekana.

Kinachofuata wamiliki wengi wanakijua. Namba ya rangi inasomwa chini ya boneti, duka linachanganya rangi kwa kompyuta, fundi ananyoosha, anapiga praima, anapuliza. Jioni gari linakabidhiwa chini ya taa za tyubu na kila mtu anaridhika. Kesho yake saa nne asubuhi, juani, mlango unaonekana umetoka gari jingine. Mwenye gari anamlaumu fundi, fundi analilaumu duka, duka linatoa karatasi ya kompyuta inayosema 02C. Cha kusikitisha ni kwamba huenda wote watatu wametimiza wajibu wao kwa uaminifu. Walichokosea ni kudhani kwamba namba ya rangi ni jibu, kumbe ndipo kazi inapoanza.

Namba hiyo inaeleza rangi ambayo kiwanda kililenga kuipata. Kwanza, lazima iwe namba ya gari lenyewe, si ya gari linalofanana nalo. Bluu ya Subaru yenyewe imebadilika: Impreza nyingi za miaka ya 1990 zina 74F, kizazi kilichofuata kikaja na 02C iitwayo WR Blue Mica, na WRX ya kuanzia mwaka 2015 ina K7X. Ukiziona moja baada ya nyingine barabarani utasema ni bluu moja. Ziweke ubavu kwa ubavu, huwezi kusema hivyo tena.

Hata ukiwa na namba sahihi, kiwanda hakipulizi rangi ileile hasa kwa miaka kumi mfululizo. Shehena ya malighafi hubadilika, mitambo ya kupulizia hurekebishwa, na pengine gari la aina moja huundwa katika viwanda viwili. Kampuni zinazotengeneza rangi za gereji zinalijua jambo hili, ndiyo maana kwenye kumbukumbu zao namba moja huwa na mchanganyiko mkuu pamoja na matoleo yake: hili limeelekea wekundu kidogo, hili lina chembe nene zaidi, hili ni jeusi likitazamwa kwa pembeni. Duka zuri lina kadi za matoleo hayo zilizopulizwa rangi halisi, na mchanganyaji anatoka nazo nje kuziweka juu ya gari moja moja. Duka linalosoma namba, likachanganya toleo la kwanza kwenye orodha na kukufungia kopo, limekuuzia rangi ya Subaru fulani. Yako inaweza kuwa nyingine kabisa.

Halafu kuna umri. Gari la miaka kumi na tano limeishi. Boneti na paa vimepigwa na jua la utosi kuliko milango. Klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, imechoka, pengine imepata umanjano kidogo. Baadhi ya rangi, hasa nyekundu, zimepauka. Rangi mpya inapaswa ifanane na gari lilivyo leo. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: kung'oa kifuniko cha tangi la mafuta na kukipeleka dukani kama sampuli. Si wazo baya, kwani ni kipande kidogo kinachobebeka. Lakini lazima kwanza kisafishwe na kupigwa polishi hadi rangi yenyewe ionekane, la sivyo mchanganyaji ataoanisha vumbi na mikwaruzo. Na kifuniko hicho kiko ubavuni, kwa hiyo kitakupa rangi ya ubavu. Ukikitumia kuoanisha boneti, usishangae matokeo.

Yote hayo bado ni mepesi ukilinganisha na tatizo lenyewe, ambalo limo ndani ya rangi.

Rangi kavu, kama nyeupe ya kawaida au nyekundu isiyo na mng'ao wa chuma, huonekana karibu vilevile ukiitazama kwa mbele au kwa pembeni. Metaliki si hivyo. Ndani yake kuna maelfu ya vipande bapa vya alumini, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuhesabu. Bluu ya 02C ina maika, madini yanayokatika katika tabaka nyembamba. Vipande vyake hurudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu nyingine. Rangi unayoiona haitokani tu na kilichomo koponi. Inatokana pia na jinsi vipande hivyo vilivyolala baada ya rangi kukauka. Tazama dagaa wabichi waliotandazwa kwenye turubai: wakilala ubavu wote wanawaka kama fedha, wakirundikwa ovyo mng'ao unazimika, ingawa dagaa ni walewale. Ndani ya rangi mambo ni hayohayo.

Na anayewalaza ni fundi. Akipuliza koti lenye majimaji mengi, vipande vinapata muda wa kuogelea, vinazama na kusimama kila kimoja upande wake. Rangi ikitazamwa kwa mbele inakuwa nzito na yenye giza. Akipuliza koti kavu zaidi, kwa kusogeza bunduki mbali kidogo, kuongeza presha ya hewa au kupunguza rangi inayotoka, vipande vinatua vikiwa vimelala na kukwama hapohapo karibu na uso. Kwa mbele rangi inakuwa angavu. Ukienda pembeni, mara nyingi mambo hugeuka kinyume: ile iliyong'aa kwa mbele inakuwa nyeusi zaidi. Ndiyo maana mlango unaweza kufanana na madigadi ukisimama mbele yake, kisha ukapiga hatua mbili kuelekea taa za nyuma na tofauti ikakurukia.

Kwa hiyo mafundi wawili wenye kopo moja watatoa bluu mbili. Fundi mmoja mwenye kopo moja atatoa bluu mbili siku mbili tofauti. Hali ya hewa ina mkono wake hapa, na kwetu ina mkono mzito. Mchana wa Dar es Salaam au Mombasa, joto likiwa nyuzi 32 na zaidi, thina ya kawaida, yaani kiyeyusho cha rangi, inaruka kabla matone hayajatulia kwenye bati, na koti linatoka kavu hata kama fundi hakukusudia. Anahitaji thina ya polepole, au aanze kazi alfajiri. Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, asubuhi ya Julai inaleta tatizo la upande wa pili: rangi inachelewa kukauka na vipande vinazama. Fundi anayebadilisha thina kulingana na siku si mtu wa mbwembwe. Anailinda rangi.

Kuna pia mabaka. Ukiona metaliki yenye mawingumawingu, sehemu nyeupe na sehemu nyeusi zikifuatana, mkono ulikuwa unapishana vibaya au koti moja halikusubiriwa lipoteze unyevu kabla ya jingine. Mafundi wazoefu humaliza kwa koti jepesi la mwisho, bunduki ikiwa mbali zaidi na hewa ikiwa ya upole, ili kuvilaza vipande kwa usawa kwenye kipande chote. Koti hilo haliongezi rangi ya maana. Linapanga tu.

Chini ya rangi napo pana neno. Rangi nyingi za leo hupitisha mwanga kiasi, hasa nyekundu na njano, na bluu za maika hazijasalimika. Ikiwa mlango una praima ya kijivu cheupe mahali pamoja, pati ya kujazia mabonde mahali pengine na rangi ya zamani kwingineko, kila eneo litachungulia kwa namna yake mpaka rangi ipigwe ya kutosha. Ndiyo sababu mifumo mizuri ya rangi hutaja kijivu gani kitangulie chini ya kila rangi, kuanzia karibu na nyeupe hadi karibu na nyeusi. Fundi anayepiga makoti mawili tu ili kubana rangi isiishe ameamua, bila kukwambia, kwamba praima itakuwa sehemu ya rangi yako.

Sasa twende kwenye mwanga, kwa sababu ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Hilo si kosa la macho. Duka halina unga wa rangi uleule uliotumiwa na kiwanda. Lina vikopo vyake vya rangi za msingi, na kutokana na hivyo linatafuta mchanganyiko utakaolidanganya jicho lione bluu ileile. Lakini michanganyiko miwili iliyotengenezwa kwa vitu tofauti hurudisha mwanga tofauti, na taa ya tyubu haina mwanga wote uliomo kwenye jua. Kwa hiyo kinachofichika gereji usiku kinafichuka barabarani mchana, na kinachopita mchana kinaweza kukuumbua kwenye taa za kituo cha mafuta. Kuoanisha kwafaa kufanywe kwenye mwanga wa mchana, juani na kivulini pia, na kuangaliwa tena chini ya taa. Picha ya simu haifai kabisa kama ushahidi; kamera inarekebisha rangi inavyotaka.

Kipo kifaa cha kupima, kinachobandikwa juu ya bati na kusoma rangi kwa pembe kadhaa, mara nyingi zikiwemo nyuzi 15, 45 na 110. Kinalinganisha vipimo na kumbukumbu za kampuni ya rangi, kisha kinapendekeza toleo lililo karibu zaidi na namna ya kulirekebisha. Ni msaada mkubwa, na gereji inayokitumia vizuri inaokoa saa nyingi. Lakini nacho kinahitaji bati safi lililopigwa polishi, na hakijui kesho fundi atakuwa na mkono gani.

Kwa hiyo kipimo cha mwisho ni kadi. Fundi anachukua kipande cha bati au kadi maalumu, anakipiga praima ya kijivu kilekile, anakipuliza kwa bunduki ileile, presha ileile, idadi ileile ya makoti, kisha anamaliza na klia. Kikikauka anakipeleka juani na kukiweka juu ya gari, kwa mbele na kwa pembeni. Hakuna njia ya mkato hapa. Kuchovya kidole kwenye kopo na kukipaka kwenye madigadi, jambo linalofanywa kila siku, hakuelezi kitu, kwa sababu rangi bichi, rangi iliyokauka na rangi yenye klia ni vitu vitatu. Kadi ikikataa, tone la rangi ya msingi linaongezwa kwa mizani, kadi nyingine inapulizwa. Fundi makini huziweka kadi hizo zote, zikiwa zimeandikwa nyuma gari gani, toleo gani, presha gani, na baada ya miaka anakuwa na maktaba ambayo duka lolote lingeitamani.

Na baada ya yote hayo, ukweli ambao wenye magari wengi hawataki kuusikia: karibu sana ndiyo kikomo. Metaliki mbili zilizopulizwa mahali tofauti, kwa joto tofauti, haziwi kitu kimoja. Kiwandani bodi huokwa kwenye joto la nyuzi 140 hivi, kabla plastiki na nyaya hazijafungwa. Gereji haiwezi kufanya hivyo kwa gari zima. Tanuri lake huishia nyuzi 60 hivi, na gereji nyingi hazina tanuri kabisa. Vipande vya alumini vilivyolala kule havitalala vivyo hivyo huku.

Hapo ndipo ufundi wa kublendi unapoingia, na kwangu ndio moyo wa kazi nzima. Jicho ni hodari mno kuona mpaka, yaani mahali rangi mbili zinapokutana kwenye mstari mmoja. Tofauti ileile ikitandazwa polepole juu ya nusu mita, jicho linaiacha ipite. Basi mlango wa mbele ukiwa ndio ulioumia, fundi anaupiga rangi hadi ufunike. Madigadi ya mbele na mlango wa nyuma havina jeraha, lakini anaviparaza kwa msasa laini wa maji, wa 1000 hivi, bila kuifikia rangi. Kisha anaitoa rangi nje ya mlango kidogo kidogo: koti la kwanza likivuka mpaka kwa kiganja, la pili mbele zaidi, la tatu jembamba kama ukungu, likifia katikati ya madigadi. Mwishowe klia inapigwa kwenye madigadi yote na milango yote miwili, kutoka ukingo hadi ukingo. Sasa hakuna mstari. Rangi mpya na ya zamani zinapokezana mahali ambapo hakuna anayeweza kupanyooshea kidole.

Mwenye gari akiambiwa hivi anaruka: “Fundi, nimeumia mlango mmoja, wewe unataka kupaka vipande vitatu?” Anahisi anaibiwa. Namwelewa, lakini kwenye metaliki au rangi ya lulu, ile yenye maika, fundi anayekubali kupaka mlango mmoja tu bila kukuonya ndiye wa kumtilia shaka. Kwa rangi kavu jambo linaweza kupita. Kwa 02C, nisingekubali.

Klia ina sharti lake. Isikatishwe katikati ya bati. Kuna thina ya kuyeyusha ukingo wa klia ili usionekane, na siku za kwanza hauonekani kweli. Lakini ukingo huo ni mwembamba mno, jua linaula, na baada ya muda unaanza kumenyuka kama ngozi. Magari ya michezo ya milango miwili yanauleta ugumu huu kwa nguvu zote, kwa sababu ubavu wa nyuma mara nyingi umeungana na nguzo ya paa bila mpaka wowote. Mchubuko juu ya gurudumu la nyuma unaweza kukulazimisha kupeleka klia hadi juu ya kioo cha mbele. Gharama hiyo ijulikane kabla ya kazi kuanza.

Bampa ni kesi ya peke yake. Ni plastiki, haivumilii tanuri la bodi, kwa hiyo kwenye magari mengi ilipakwa kando, kwa rangi ya aina nyingine na joto la chini zaidi. Tazama magari ambayo hayajawahi kuguswa na fundi: bampa nyingi zinatofautiana kidogo na madigadi tangu kiwandani. Ukimtaka fundi aioanishe bampa na madigadi bila tofauti hata chembe, unamwomba kitu ambacho kiwanda chenyewe hakikukupa.

Kama 02C inasumbua, nyekundu ya Mazda inatesa. 41V iliyoanza mwaka 2012, na 46V iliyoifuata, zinazoonekana kwenye MX-5, zimejengwa kwa tabaka: chini kuna tabaka linaloakisi mwanga, juu yake nyekundu inayopenyeza, kisha klia. Mwanga unapita kwenye nyekundu, unagonga chini, unarudi ukipita kwenye nyekundu tena. Koti moja la ziada la ile nyekundu ya kati na gari zima linaonekana limeiva zaidi. Hapa kadi moja haitoshi. Fundi anaandaa bati refu, analipiga tabaka la chini lote, kisha analiziba kwa karatasi na kulifungua hatua kwa hatua ili mwishoni liwe na sehemu yenye koti moja la nyekundu, mawili, matatu, manne. Anapiga klia juu yake, analipeleka kwenye gari, na gari lenyewe linamjibu ni makoti mangapi. Nyeupe za lulu za Toyota, kama 070, zinahitaji adabu hiyohiyo.

Klia yenye hadna, yaani kigumishio, inayotumika kwenye kazi hizi ina isosayanati, kemikali zinazoweza kumletea mpulizaji pumu isiyopona. Kitambaa puani au barakoa ya hospitali havizuii mvuke wake. Ukikuta gereji ambayo kijana anapuliza klia uso mtupu, usiwape gari lako, hata kama bei ni nzuri. Wanaomjali mpulizaji wao ndio pia wanaojali presha, thina na kadi.

Kabla ya kukabidhi gari, omba kuonyeshwa kadi juani, uulize rangi itafia wapi na klia itaishia wapi, na mkubaliane vipande vitakavyoguswa. Siku ya kulichukua nenda mchana. Lioshwe kwanza, likauke, litolewe nje ya banda. Simama mita tatu hivi, zunguka polepole, mbele, ubavuni, kisha ukitazama kutoka nyuma kwenda mbele usawa wa milango, mahali ambapo metaliki hukataa kuficha siri. Rudia kivulini. Tofauti ya bampa iache. Ukiuona mstari kati ya mlango na madigadi, mwonyeshe fundi palepale, gari likiwa bado kwenye uwanja wake na rangi iliyobaki ikiwa bado kwenye kopo.